Shemasi wa Plains



Jimmy Carter alipofariki dunia tarehe 29 Desemba 2024, akiwa ametimiza miaka 100, redio na magazeti yalitusomea vyeo vyake. Rais wa 39 wa Marekani. Mtu aliyewakutanisha Sadat wa Misri na Begin wa Israeli pale Camp David mwaka 1978. Mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2002. Sisi wa huku tukakumbushana kwamba Agosti 1977 Mwalimu Nyerere alikuwa mgeni wake Washington, wakaizungumzia Rhodesia. Yote hayo ni kweli, na waliokwisha kuyasema wanayajua kuliko mimi.

Mimi leo namtaka yule Carter ambaye taarifa nyingi zilimpitia kwa sentensi mbili tu: mkulima wa karanga, mjumbe wa bodi ya elimu ya wilaya yake, shemasi wa kanisa la Kibaptisti katika mji mdogo ambao wakazi wake hawafiki elfu moja. Ukiniuliza, huyo ana mengi ya kutuambia kuliko rais. Rais ana walinzi na waandishi wa hotuba. Mjumbe wa bodi ya shule ana majirani, basi. Na majirani hao hao ndio wateja wake, ndio anaokaa nao benchi moja Jumapili.

Plains iko kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, katika wilaya wanayoiita Sumter, nchi ya udongo mwekundu, pamba na karanga. Carter alizaliwa hapo tarehe 1 Oktoba 1924, akakulia kitongoji cha Archery, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini, katika nyumba ambayo kwa miaka yake yote ya utoto wa mwanzo haikuwa na umeme. Majirani wengi walikuwa Weusi, na watoto wa Weusi ndio aliocheza nao. Akiwa bado mdogo sana aling'oa karanga shambani kwa baba yake, akaziosha, akazichemsha kwa chumvi, akazifunga katika vifuko vya karatasi na kwenda kuziuza barabarani Plains. Ninyi mnaouza karanga za kuchemsha kituo cha mabasi, mna mwenzenu aliyefika Ikulu.

Baba yake, Earl Carter, alikuwa mkulima mwenye duka, mwalimu wa shule ya Jumapili, mjumbe wa bodi ya shule, na mwaka 1952 akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Hakudumu. Saratani ya kongosho ilimlaza kitandani mwaka uliofuata. Mwanawe wakati huo alikuwa ofisa wa jeshi la majini, kijana msomi aliyekuwa katika kikosi cha manowari za nyuklia, mwenye kazi nzuri na mke aliyefurahia kuishi mbali na kwao. Akaja kumuuguza baba.

Alichokiona pale kitandani ndicho kilichombadilisha. Nyumba ilijaa watu, Weupe kwa Weusi, kama inavyojaa nyumba ya mgonjwa kwetu. Kila aliyeingia alikuwa na lake. Huyu alisamehewa deni mwaka wa ukame. Yule binti yake alinunuliwa gauni la mahafali, na hakuna aliyejua fedha imetoka wapi. Carter amesimulia mwenyewe kwamba alijiuliza kama yeye, pamoja na manowari zake zote, angekufa leo, nani angekuja na habari kama hizo. Earl alifariki Julai 1953, na kabla mwaka haujaisha mtoto amekwisha kuacha jeshi na kurudi Plains. Mkewe, Rosalynn, alikasirika kiasi kwamba safari nzima ya kurudi nyumbani hakuzungumza naye. Na hasira yake ilikuwa na sababu: hakuulizwa. Wakapanga nyumba ya serikali, zile za watu wa kipato cha chini, na mwaka wa kwanza ukame ukala mazao.

Tufike sasa kwenye siasa. Mwaka 1955 aliingia bodi ya elimu ya Sumter. Si kazi ya kifahari: vikao, bajeti za madawati, matengenezo ya mabasi. Lakini angalia tarehe. Mwaka mmoja kabla, Mei 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetamka kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Basi wazungu wa kusini wakaunda vyama vya kupinga hukumu hiyo, vikaitwa Mabaraza ya Raia Weupe. Plains pia likaanzishwa moja. Ada ya uanachama ilikuwa dola tano. Mkuu wa polisi wa mji alikuwa miongoni mwa waliomwendea Carter kumwandikisha. Akakataa. Wakarudi kumwambia kwamba amebaki peke yake, mwanamume mweupe pekee wa pale ambaye hajajiunga. Akakataa tena. Safari ya tatu wakaja na marafiki zake, wateja wake wa ghala la mbegu, wakasema kama tatizo ni hizo dola tano, wao watamlipia. Akawajibu kwamba dola tano anazo, ila ni afadhali azitupe chooni. Wakamsusia biashara kwa muda.

Hapa nisimpambe. Carter huyo huyo aliyekataa ada ya dola tano amekiri katika kitabu chake *Turning Point*, kilichotoka mwaka 1992, kwamba alikaa kwenye bodi miezi kadhaa bila kugutuka kuwa watoto wa Kizungu wanakwenda shule kwa mabasi na watoto wa Kiafrika wanatembea kwa miguu. Miezi kadhaa! Watoto ambao baba zao na mama zao alicheza nao Archery. Alikuwa akipitisha bajeti ya mabasi hayo. Na hata alipogutuka, hakusimama kudai shule zichanganywe. Alisukuma hatua ndogo ndogo ambazo majirani wangezivumilia. Naona ni haki kulisema hili katika kumkumbuka, kwa sababu mwenyewe alilisema akiwa hai.

Mwaka 1962 akaamua kugombea useneta wa jimbo la Georgia. Kuna mhubiri mgeni aliyemlaumu, kwamba siasa ni uchafu, kwa nini asiwe mchungaji kama anataka kutumikia watu? Carter akamuuliza angependaje kuwa mchungaji wa kanisa lenye waumini makumi ya maelfu, maana ndio watu wa jimbo lile la uchaguzi. Alitangaza nia siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 1 Oktoba. Kura za mchujo zilikuwa tarehe 16. Wiki mbili, basi, za kuzunguka vijiji na kushika mikono ya watu.

Mpinzani wake aliitwa Homer Moore, mfanyabiashara wa wilaya ya karibu, mtu wa kawaida. Mwenye mambo alikuwa mwingine. Katika wilaya ndogo ya Quitman, makao yake makuu Georgetown, alikuwapo bwana mkubwa mmoja, Joe Hurst, mbunge wa jimbo na mwenye neno la mwisho kwa kila kitu. Hundi za msaada za maskini zilipitia mikononi mwake. Sitahitaji kukueleza zaidi, msikilizaji. Wengi wetu tunamfahamu Hurst wa kwetu.

Rafiki wa Carter alikwenda Georgetown kumlindia kura, akakuta kituo hakina kibanda cha siri. Watu wanapigia kura kwenye kaunta, Hurst amesimama mbele yao, anawaelekeza wafute jina la Carter. Kuna aliyesita, Hurst akamsaidia. Na mara kwa mara bwana huyo alikuwa akiingiza mkono ndani ya sanduku, anatoa karatasi zilizokwisha kupigwa, anazitazama, anazirudisha. Wakala akalalamika. Hurst hakujali, alimwambia waziwazi kwamba hiyo ni wilaya yake.

Jioni hesabu zikaja. Carter alikuwa mbele wilaya nyingine zote zikijumlishwa. Kura za Quitman zilipoingia, akawa ameshindwa kwa kura 139. Wale waliozoea walimpa pole na kumshauri asubiri miaka miwili. Magazeti ya huko hayakutaka hata kuandika. Akampata mwandishi mmoja wa *Atlanta Journal*, John Pennington, na wakili mpole wa Atlanta, Charles Kirbo, na wakaanza kazi ambayo kila mgombea aliyeibiwa anapaswa kuisoma: waligonga mlango baada ya mlango wakichukua viapo. Orodha ya waliopiga kura Georgetown ilionyesha wapiga kura 333. Sandukuni zilihesabiwa kura 420. Wapiga kura zaidi ya mia moja walikuwa wamefika kituoni kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa herufi ya jina, jambo ambalo halijapata kutokea popote duniani. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa gerezani siku hiyo.

Huku nyuma Rosalynn alipelekewa salamu: waliowahi kumgusa Joe Hurst, biashara zao ziliungua moto. Alikuwa na watoto watatu nyumbani na mume yuko njiani kila siku.

Sanduku lilipofunguliwa mbele ya hakimu, lilionekana halikuwa limefungwa sawasawa, na ndani yake kulikuwa na kura zaidi ya mia zimekunjwa pamoja, bunda moja. Hesabu za Georgetown zikatupwa. Kesi ikaendelea huku na huku mpaka mkesha wa uchaguzi wenyewe wa Novemba, Carter akashinda, na Januari 1963 akaapishwa. Hurst baadaye alifungwa kwa kutengeneza gongo.

Nimekaa sana kwenye sanduku hilo kwa makusudi. Miaka mingi baadaye, Carter mzee alipokuwa anazunguka vituo vya kura Afrika na Amerika ya Kusini na kofia yake ya uangalizi, watu walidhani ni hisani ya mstaafu asiye na kazi. Alikuwa amekwisha kuibiwa kura yeye mwenyewe, kijijini, mchana kweupe. Waangalizi wa taasisi yake, Kituo cha Carter, wamefika hata Kenya, mwaka 2002, 2013 na 2017. Mwaka 2017 Wakenya wengi waliwalaumu kwamba walisifu mapema uchaguzi ambao Mahakama ya Juu ilikuja kuufuta, na lawama ile haikuwa bure.

Lakini kura ninayoitaka hasa si ya Georgetown. Ni ya mwaka 1965, ndani ya kanisa.

Kiangazi cha mwaka ule wanaharakati wa haki za raia walikuwa wakienda kwenye makanisa ya Weupe huko Americus, mji mkuu wa wilaya ya Sumter, kuomba kusali. Wakafungiwa milango. Mashemasi wa Plains wakaona wajiandae: wakapitisha pendekezo kwamba Mweusi yeyote, na mchochezi yeyote wa haki za raia, asiingie ibadani. Carter alikuwa shemasi lakini hakuwepo kikaoni. Pendekezo likapelekwa kwa washirika wote, maana Wabaptisti mambo yao huamuliwa kwa kura ya kanisa. Wakati huo alikuwa seneta wa jimbo, anautamani ugavana. Wenye busara ya kisiasa wangepata homa Jumapili hiyo. Yeye akaja, akasimama, akasema hili ni kanisa la Mungu na si letu kumzuia mtu mlangoni.

Kura zikapigwa. Waliotaka mlango ufungwe, 54. Waliokataa, 6. Na katika hizo sita, isipokuwa moja, zote zilitoka nyumba ya Carter.

Wengi waliokuwapo hawakuinua mkono upande wowote. Na sehemu inayonikaa kichwani zaidi ni iliyofuata: baada ya ibada, simu zikaanza kulia nyumbani kwake. Majirani wanampigia mmoja mmoja kumwambia kwamba moyoni wako naye, ila hawakutaka kugombana na watu. Ungewaita wote hao wakasimama, pengine hesabu ingegeuka. Nani kati yetu hajawahi kupiga simu ya namna hiyo baada ya kikao? Mimi nimepigiwa, na nimepiga.

Wala usidhani kijana yule alibaki hivyo hivyo moja kwa moja. Mwaka 1966 aligombea ugavana akashindwa, na aliyeupata ni Lester Maddox, mbaguzi aliyejulikana kwa kuwafukuza wateja Weusi mgahawani kwake. Carter alivunjika moyo, akarudi kwenye maombi, akaenda kuhubiri nyumba kwa nyumba katika majimbo ya kaskazini. Kisha mwaka 1970 akagombea tena, na safari hii aliwabembeleza wapiga kura wa wabaguzi, akazungumza lugha wanayoipenda. Akashinda. Siku ya kuapishwa, Januari 1971, akawageuka mchana kweupe akitamka kwamba zama za ubaguzi wa rangi zimekwisha. Wengine wanaita huo ujanja mtakatifu. Mimi naona aliyesimama na kura sita alikuwa mtu safi kuliko aliyeshinda ugavana, na nadhani mwenyewe alijua, maana kampeni ile hakupenda kuizungumzia.

Kanisa la Plains halikumalizana na jambo lile. Jumapili ya mwisho ya Oktoba 1976, siku mbili kabla Wamarekani hawajamchagua Carter kuwa rais, mchungaji Mweusi aitwaye Clennon King alikuja kuomba ushirika. Mashemasi wakafuta ibada kuliko kumfungulia. Dunia nzima ikaona. Wiki mbili baadaye washirika wakaifuta marufuku ya 1965, lakini mchungaji wao aliyetaka mlango ufunguliwe alibanwa mpaka akaondoka, na mwaka 1977 kundi moja likajitenga likaanzisha kanisa la Maranatha, upande wa pili wa mji. Carter aliporudi kutoka Washington mwaka 1981, biashara yake ya karanga ikiwa na deni la karibu dola milioni moja, alikwenda kusali Maranatha.

Na hapo akabaki. Msalaba wa kanisa aliuchonga yeye, na vyombo vya sadaka vile vile, maana alikuwa fundi seremala mzuri. Alikata majani ya uwanja. Rosalynn alifanya usafi. Karibu miaka arobaini alifundisha shule ya Jumapili, akianza kwa kuwauliza wageni wanatoka wapi. Washirika wenyewe walikuwa wachache, lakini wageni walipanga foleni kabla ya alfajiri. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka akapata ufa kwenye nyonga. Tarehe 3 Novemba alikuwa mbele ya darasa.

Kuhusu ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, ambao Kituo cha Carter kilipambana nao, nitasema kwa ufupi. Kituo kilipoanza kazi hiyo mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni tatu na nusu. Mwaka 2024 waliripotiwa 15 duniani kote. Uganda ilithibitishwa kuondokana nao mwaka 2009, Kenya mwaka 2018. Dawa wala chanjo haipo. Kazi ilikuwa kuwashawishi watu wa kijiji kimoja kimoja wachuje maji kwa kitambaa na wasiingize mguu wenye kidonda kisimani. Hiyo ni kazi ya diwani.

Tarehe 4 Januari 2025 gari lililobeba jeneza lilipita katikati ya Plains na kusimama Archery mbele ya nyumba ya utotoni, kengele ya shamba ikapigwa mara 39. Tarehe 9 akaagwa kitaifa Washington, halafu jioni akarudishwa Maranatha kwa ibada ya watu wa nyumbani, akazikwa uwanjani kwake kando ya Rosalynn, aliyemtangulia Novemba 2023 baada ya ndoa ya miaka 77.

Msikilizaji, kwetu nako kila wiki tunazika diwani fulani, mzee wa kanisa fulani, mwenyekiti wa kijiji. Mtu anasimama na karatasi anasoma: alizaliwa, alisoma, alichaguliwa, alichaguliwa tena, ameacha mjane na watoto kadhaa. Tunapiga makofi, tunakwenda kula. Safari ijayo ukiombwa wewe uandike wasifu huo, nakuomba fanya jambo moja zaidi. Nenda ofisi ya kata au ya halmashauri ukaombe mihtasari ya vikao. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi, usione haya kuuliza. Waulize na wazee wa kanisa walioketi naye. Tafuta siku ambayo kura ilipigwa na marehemu akawa upande wenye watu wachache, uandike ilikuwa kura ya nini, na uitaje mbele ya jeneza watu wakiwa wamekaa. Kama hukuipata, basi soma hivyo vyeo.